X kwenye Ukuta wa Mama

Mtu akiniambia anataka kufuatilia tabia yangu, swali langu la kwanza ni moja tu: nimemkosea nini? Ndiyo maana siku meneja wetu alipotugawia karatasi zenye kichwa FOMU YA UFUATILIAJI WA TABIA YA KILA SIKU, mimi yangu sikuigusa. Niliiacha pale pale juu ya meza, nikawa naizunguka huku nikiendelea na kazi, nione nani ataishika wa kwanza.

Ninafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha asali, Tabora mjini. Warina asali wanaleta ndoo zao kutoka misituni, mimi nazipokea. Mtu anashusha ndoo, anafuta jasho, anaapa kwa Mungu wake kwamba hii ni asali tupu, haijaonja maji wala sukari, na mimi nalipwa ili nisimwamini. Nachovya, naonja, napima, namtazama usoni. Miaka yote hiyo ya kutoamini watu imeniingia mwilini. Hata kanisani mhubiri akisema, "Ndugu zangu, leo nitasema kwa kifupi," mimi moyoni nasema, thubutu!

Sasa wewe fikiria watu wa namna yangu, chumba kizima, wanapewa fomu ya tabia. Mama mmoja wa kuosha chupa alianza kulengwalengwa na machozi: yeye haibi, hasengenyi, halewi, tabia yake ina nini mpaka ifuatiliwe? Dereva wetu, ambaye hakuwahi kumwamkia mtu tangu aajiriwe, siku hiyo alitugawia shikamoo hata sisi tunaolingana naye umri. Kijana wa stoo alichukua kalamu akajaza visanduku vyote vya mwezi mzima kwa neno moja, NZURI, akarudisha fomu kabla ya chai.

Meneja ni Mzaramo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani, kwa hiyo mimi nilikuwa na ruhusa ya kumsema bila kufukuzwa. Nikamfuata ofisini.

"Wewe mtani," nikamwambia, "babu yako alimpunja babu yangu pembe za ndovu pale pwani. Leo umekuja kumalizia na tabia yangu?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Si tabia hiyo, dada! Ni yale mambo madogo unayofanya kila siku. Unajiwekea lengo, la kazini au la nyumbani. Siku ukitimiza, unaweka alama ya vema. Siku hukutimiza, unaacha wazi. Baada ya muda unajiona umefika wapi."

"Basi ungeandika mazoea."

"Mazoea! Nikiandika 'fomu ya mazoea', si waume zenu watakuja kunipigia hapa hapa mlangoni?"

Hapo alinishinda, nikacheka. Ila kucheka ni kucheka, kuamini ni kitu kingine. Machale yalikuwa yameshanicheza. Kulikuwa na maneno ya chini chini kwamba kiwanda kitapunguza watu, na mimi nikaona wazi kwamba kisanduku kitupu cha leo ndicho barua ya kesho. Fomu yangu nikaikunja, nikafungia nayo karanga.

Jioni nikamsimulia mama. Tulikuwa tunakula ugali na mlenda, na mimi nilikuwa nimepandisha mori kwelikweli. Nikaigiza sauti ya meneja, nikaigiza machozi ya yule mama wa chupa. "Watu wazima, mama! Eti tujiwekee alama kama watoto wa chekechea!" Mama alicheka kidogo, kisha akauliza, "Sasa tabia zenu wanazitakia nini?" Nikamwambia hawa watu hawafanyi kitu bure, kuna jambo linakuja, wao wanajua na sisi hatujui. Mama akatikisa kichwa, akaendelea kumega tonge.

Nakaa na mama Kwihara, kwenye nyumba yake. Ndoa yangu ilipokwisha nilirudi hapo na begi na jiko la gesi, na mama hakuniuliza hata swali. Ni nyumba ya tofali za udongo, imepigwa lipu na chokaa, iko kando kabisa ya barabara ya vumbi. Watalii wachache wanaokuja kutazama tembe la udongo la mzungu mpelelezi wa zamani hupita mbele yetu na gari zao, wanatuachia vumbi. Nyuma ya nyumba kuna kaburi la baba, limejengewa saruji. Pembeni ya kaburi mama ameacha nafasi, hapandi mahindi wala karanga hapo, na mgeni yeyote akifika humwonyesha: "Hapa ni pangu." Anasema hivyo bila huzuni yoyote, kama mtu anayekuonyesha kiti chake.

Kwa hiyo nyumba hiyo, kwa mama, haikuwa ya kuishi tu. Na mimi nilikuwa nailinda kwa macho yote mawili kwa sababu ya mdogo wangu wa kiume. Yeye ni mfanyabiashara Kaliua, pale reli ya Mpanda inapochepuka. Anauza mchele, mafuta, simu, chochote kinachouzika. Wakati fulani alikuja kutusalimia, akasimama uani, akageuka huku na huku, akasema, "Uwanja huu ungefaa fremu za maduka." Alisema hilo tu, halafu akaomba maji ya kunywa. Lakini mimi neno lile nililiweka. Mtu hawezi kusimama mita chache kutoka kwenye kaburi la baba yake akaona fremu za maduka, halafu ukaniambia ni mawazo tu yamempitia.

Ikatokea kwamba kiwanda kikatangaza nafasi ya mkaguzi wa ubora. Nafasi yangu hasa, maana nani anashuku asali kuliko mimi? Ila kulikuwa na mtihani. Nikapewa kitabu kinene cha kusoma, nikakiweka juu ya kabati, kikakaa huko. Nikirudi jioni nimechoka, asubuhi nachelewa, Jumapili kanisani. Na zahanati nako walikuwa wamenionya juu ya presha: tembea, mama, acha kuita bodaboda mpaka mlangoni.

Usiniulize ilikuwaje, lakini nikajikuta kwenye simu namsikiliza kijana mmoja mwenye ndevu anafundisha jinsi ya kutimiza malengo. Alisema hivi: chagua jambo lako, kila siku ukilifanya chora X kubwa mahali utakapoiona, kesho chora nyingine pembeni yake, mnyororo usikatike. Ni yale yale ya meneja! Lakini huyu hakuwa na fomu, hakuwa na ofisi, hakujua jina langu. Nikaona huyu naweza kumsikiliza bila kujiuza.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshamcheka meneja mbele ya mama kwa sauti kubwa. Nimwambie vipi mama kwamba sasa na mimi najiwekea alama kama mtoto wa chekechea? Nikaamua kufanya kimya kimya. Kazini tuna chaki nene nyekundu za kuandikia ndoo, nikachukua kipande. Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya jua, nikasoma kile kitabu mpaka macho yakauma, nikavaa viatu vya kutembelea mpaka njia panda. Nilipotoka, pale barazani ninapofungia kamba za viatu, kwenye ukuta wa mbele, nikachora X yangu ya kwanza. Kubwa, nyekundu, imesimama vizuri. Mama alikuwa nyuma jikoni anawasha moto. Nikaondoka najisikia mtu mpya.

Niliporudi jioni, X haipo.

Nikasimama nautazama ukuta. Palikuwa pamefutwa kwa kitambaa chenye maji, chokaa ilikuwa bado na unyevu. Nikaguna, nikaingia ndani. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akanitazama kidogo, akasema chakula kipo. Nikala, nikalala.

Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Huyo mama ana kimbelembele, kila kitu cha watu lazima akishike. Nilihisi amepita kuomba chumvi, akaona ukuta umechafuka, akajifanya msafi. Kesho yake nikasoma tena, nikachora tena. Jioni, ukuta mweupe. Siku iliyofuata nikachora kubwa zaidi, kutoka usawa wa dirisha mpaka karibu na sakafu ya baraza. Ikafutwa nayo. Nikafanya hila ya kumtembelea jirani mapema nikiwa na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tukaongea, nikamkagua vidole. Hakuna wekundu wowote. Alibaki ananishangaa kwa nini namshika mikono muda mrefu hivyo.

Ndipo nikaanza kuona mambo ya mama.

Mama alikuwa amebadilika. Simu yake ikilia alikuwa haipokei mbele yangu, anainuka, anazunguka nyuma ya nyumba, anasimama karibu na kaburi ndiyo anaongea. Siku moja nilitega sikio kwenye dirisha la jikoni nikasikia Kinyamwezi chake cha haraka haraka, na mwishoni nikadaka maneno haya kwa Kiswahili: "Usimwambie dada yako."

Damu ilinichemka. Dada yake nani tena kama si mimi? Kwa hiyo aliyekuwa upande wa pili ni yule wa Kaliua, mtu wa fremu!

Nikaanza kuunganisha. Kinu cha mama, kile alichopewa na mama yake, nikakikuta kwa jirani. Nilipouliza, mama akasema amekigawa, hana nguvu za kutwanga. Sahani zake za maua, ambazo hata mchungaji hajawahi kulia, zikatoka kabatini zikafungwa kwenye kanga na kuwekwa kwenye ndoo. Nikamuuliza, "Mama, kuna nini?" Akanijibu, "Kwani wewe huna la kuniambia?" Nikasema, "Mimi? Sina." "Haya," akasema, akatoka nje.

Kumbe na yeye ananificha! Niliumia, nasema ukweli. Niliumia mpaka chakula kikawa hakipandi. Mtu ninayeamka naye na kulala naye nyumba moja anapanga safari na mtoto wake mwingine, na mimi nibaki kuulizwa kama nina la kusema. Nikapata uhakika kwamba mdogo wangu anamshawishi mama ahamie Kaliua ili uwanja uuzwe. Hata kule kufutwa kwa X zangu nikakuhusisha na hilo: mama anapiga usafi wa ukuta kwa sababu kuna mnunuzi anakuja kutazama nyumba. Na mnunuzi hapendi ukuta uliochafuliwa na chaki. Niliona nimewakamata wote.

Mwingine angeongea. Angekaa na mama yake akamwambia, mama, nimesikia, niambie. Mimi nikasema hapana, mtu akinificha na mimi namficha, tuone nani atachoka. Na X zangu hazitafutika tena mbele ya mnunuzi wao. Kiwandani kulikuwa na kopo la rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki baada ya kuandika namba kwenye mizinga. Nikaomba lile kopo na brashi.

Alhamisi asubuhi, baada ya kusoma, nikapaka X ya rangi ya mafuta. Nilikuwa na hasira, mkono ukawa mzito, rangi ikachuruzika. Jioni nikarudi, ipo! Pembeni yake chokaa imekwanguliwa, mtu amesugua kwa kitambaa, kwa majivu, mpaka kwa kisu, lakini X imesimama pale pale. Nilisimama mbele yake nikatabasamu peke yangu. Ijumaa nikapaka ya pili pembeni yake. Mnyororo ulikuwa umeanza. Mama hakula siku hiyo, alisema tumbo linamsumbua.

Jumamosi nilikuwa na mtihani mjini. Niliondoka na giza, na nilipouona ule mtihani nilitaka kucheka, maana kila walichouliza nilikuwa nimekisoma asubuhi fulani nikiwa na macho mekundu. Niliandika mpaka mwisho, nikarudia kusoma majibu yangu, nikatoka nje nikiwa mwepesi. Nilipanda bodaboda mpaka njia panda, nikashuka, nikatembea kipande kilichobaki nikiimba. Nikasema nikifika nitamwambia mama yote, fomu, ndevu, X, tucheke, halafu tugombane vizuri juu ya Kaliua.

Nilipokaribia nyumbani nikasikia kishindo cha sururu.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Barazani kulikuwa na godoro la mama limekunjwa na kufungwa kamba. Nikakimbilia nyuma. Mdogo wangu alikuwa amevua shati, ameshika sururu. Kulikuwa na wanaume wawili wa pale kijijini wenye majembe na mzee wa kanisa amesimama na kofia yake mkononi. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejitanda kanga kichwani. Na saruji ya kaburi la baba ilikuwa imepasuliwa upande mzima wa miguuni.

"Shikamoo dada," mdogo wangu akasema.

"Shikamoo yako kaa nayo!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Mnafanya nini? Yaani umeamua kumfukua baba ili ujenge maduka? Umempa nani uwanja huu? Sema mbele ya mzee wa kanisa, umempa nani?"

Akashusha sururu. "Maduka gani?"

"Usijifanye hamnazo! Nimesikia simu zenu! Na wewe mama, unamwambia asiniambie!"

Mama hakuinuka. Alisema kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa, "Acha kumpigia kelele mdogo wako. Wewe ndiye uliyeuza."

Nikageuka. "Mimi? Nimeuza nini?"

"Mwanangu, mimi si mtoto. Nimeshawekewa X mara moja maishani mwangu, naijua." Akaanza kunisimulia jambo ambalo nilikuwa nalijua kwa mbali tu, maana lilipotokea mimi nilikuwa shule ya bweni. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa Puge, kando ya barabara kuu. Walikuja watu wakachora X nyekundu ukutani, wakaondoka bila kusema neno. Wazee wakaenda kuuliza kwa mwenyekiti, mwenyekiti akasema hana taarifa yoyote, kalaleni. Kisha tingatinga likaja asubuhi, mama akatoka na sufuria ya uji mkononi. Mtoto wake aliyekuwa amezikwa nyuma ya ile nyumba, kaka yangu ambaye sikumjua, aliachwa chini ya barabara.

"Kila siku wewe ukitoka tu, inatokea," mama akasema. "Naifuta, kesho ipo tena. Nikadhani nikiifuta watachanganya nyumba, wataikosa. Jioni unarudi, unasimama, unautazama ukuta, unaguna, unaingia ndani. Hushangai! Mtu anakuta X kwenye nyumba ya mama yake, hashangai! Nikajua mwanangu anajua. Ulisema mwenyewe kule kazini wana jambo, watu wanajua na hawasemi. Nikakuuliza kama una la kuniambia, ukasema huna."

Macho yangu yakaenda kwenye ukuta wa nyumba.

"Alhamisi wakaja na rangi isiyotoka. Jioni nikakukuta unaitazama unacheka peke yako. Nikamwita mdogo wako. Jana wakaongeza ya pili." Akanyoosha kidole kuelekea mbele ya nyumba, kisha akakirudisha polepole mpaka kwenye kaburi. "Moja ya nyumba, na moja ya huyu. Safari hii siwezi kumwacha mtu wangu chini ya barabara."

Mzee wa kanisa akakohoa. "Tulimuuliza mwenyekiti," akasema. "Akasema hana taarifa."

"Na safari ile alisema hivyo hivyo," mama akamjibu.

Nikawaambia. Sijui niliyapangaje maneno, najua tu niliwaambia mbele ya wote kwamba hakuna aliyekuja. Hakuna barabara, hakuna tingatinga, hakuna mtu wa serikali. Ni mimi, kwa chaki ya kazini. Nikisoma asubuhi nachora X ili kesho nisiache. Ni namna ya kujifunza kufanya jambo kila siku.

Mmoja wa wale wanaume akaweka jembe chini. Mdogo wangu alinitazama, akaitazama sururu, akanitazama tena.

"Dada," akasema, "yaani umechora X kwenye nyumba ya mama ili ukumbuke kusoma?"

"Ndiyo."

"Kwani daftari hakuna?"

Wale wanaume walianza kucheka, wakijizuia, mabega yanawacheza. Mzee wa kanisa alijificha nyuma ya kofia. Hata mdogo wangu alikaa chini kwenye udongo akacheka mpaka akafuta macho, na mimi, niliyekuwa nimemshuku siku zote hizo, nilitamani anipige nayo hiyo sururu. Nilimwomba radhi pale pale. Akapunga mkono kwamba yamekwisha, ingawa bado naona hajaniambia zile fremu alizitaja za nini.

Mama hakucheka. Alikuwa anatazama saruji iliyopasuka, na udongo mwekundu uliotoka chini yake.

"Kwa hiyo hakuna anayekuja," akasema.

"Hakuna, mama."

"Tunabaki."

"Tunabaki. Nitaita fundi leo leo, atajenga upya. Ukuta nitaupaka chokaa mwenyewe. Nisamehe, mama."

Akatikisa kichwa, si kwangu, ni kama mtu aliyekumbuka kazi iliyobaki. "Mimi nilishamwambia," akasema. "Jana jioni nilikaa hapa, nikamwambia kila kitu. Nikamwambia baba fulani, tunahama, jiandae, usishtuke wakikugusa, ni mwanao. Nikambembeleza, maana kuhama alikuwa hapendi. Sasa mimi nitamwambia nini? Nenda kamwambie wewe."

"Mama..."

"Nenda."

Wanaume walisogea wakanipisha, wakavua kofia. Nikapiga magoti pale kwenye vipande vya saruji, na sketi yangu ya mtihani, watu wote wananitazama. Nikasema, "Shikamoo baba." Nikakwama. Unaanzaje kumweleza marehemu habari za meneja, na simu, na kijana mwenye ndevu? Nikaanza kunong'ona kwamba yalikuwa makosa, kwamba ni mimi, kwamba asiende popote.

Nyuma yangu nikasikia ndoo inasogezwa, mama anakaa karibu zaidi.

"Paza sauti," akasema. "Unajua baba yako hasikii vizuri."